Tulivyotengeneza toleo la kumkumbuka Prof wetu

Kuna wanafunzi wa sheria wa chuo kingine hapa Nairobi wamefiwa na mwalimu wao, na wamekuwa wakiniuliza vile sisi tulifanya na toleo letu la jarida la wanafunzi, nani aliongea na familia, pesa zilitoka wapi, mbona lilichelewa hivyo. Nimewajibu vipande vipande kwa simu hadi nimechoka, so wacha nieleze yote mara moja.

Prof sitamtaja jina. Familia yake ni watu wa kimya na walishatupa kuliko tulivyostahili kuomba. Alifundisha sheria ya katiba na ya ushahidi kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya miaka hiyo alikuwa patroni wa jarida la wanafunzi, kazi isiyo na marupurupu yoyote na ambayo walimu wengi huikwepa mchana kweupe.

Haya majarida ya sheria ni kitu cha ajabu kidogo kwa mtu wa nje, kwa sababu wanafunzi ndio wanahariri makala za watu waliowazidi masomo, mawakili, wahadhiri, wakati mwingine hata jaji. Utaratibu wenyewe ulikomaa Marekani, Harvard Law Review ilianza 1887 na mpaka leo inaendeshwa na wanafunzi, na Kenya hii ni vigumu kumaliza mwaka wa kwanza wa sheria bila kuambiwa kwamba Obama alichaguliwa rais wa jarida hilo 1990, kabla hajawa rais wa kitu kingine. Prof akituona tumeanza kuvimba na hiyo stori alikuwa anauliza tu, sawa, na futinoti za Obama zilikuwa zinakaguliwa na nani?

Futinoti, yale maelezo ya chini ya ukurasa ya kuonyesha umetoa wapi, ndio zilikuwa dini yake. Kalamu yake ilikuwa ya kijani, alisema nyekundu ni ya mwalimu anayesahihisha mtihani na yeye hakusahihishi, anakuuliza. Na swali lilikuwa karibu kila mara lile lile, limeandikwa kando ya ukurasa kwa herufi ndogo ndogo: umeisoma au umesimuliwa?

Chukua Anarita Karimi Njeru, ile kesi ya 1979 ambayo kila anayeandika kuhusu petisheni za katiba lazima aitaje, ile ya kwamba ukidai haki yako imevunjwa useme kwa usahihi ni haki gani, kifungu gani, na imevunjwa vipi. Ukipitia makala tofauti utakuta mmoja ameiandika [1979] KLR 154 (KLR ni Kenya Law Reports, vitabu vya hukumu) na mwingine (1976-80) KLR 1272, na ukimuuliza mwandishi kwa nini alichagua hiyo yake anaanza kuangalia dari, juu ameinakili kwa mtu ambaye naye aliinakili kwa mtu. Prof alikuwa anakutuma maktaba ufungue kitabu chenyewe. Kenya Law wameweka hukumu bure mtandaoni na alikuwa anawasifu sana kwa hilo, lakini kwa kesi za zamani alitaka uone ukurasa wenyewe, na hasa zile za East Africa Law Reports, ambazo nusu yetu tulikuwa tunazitaja bila kujua mfululizo wake wa kwanza ulikoma 1975.

Ama kesi ya Muruatetu. Mahakama ya Juu Desemba 2017 ilisema kwamba kumlazimisha jaji atoe hukumu ya kifo kwa kila kesi ya mauaji ni kinyume cha katiba. Sasa drafti ikija imeandikwa "Muruatetu ilifuta adhabu ya kifo", ukurasa mzima unageuka kijani, maana haikufuta, ilifuta ule ulazima, na 2021 Mahakama hiyo hiyo ilibidi itoe maelekezo kwamba uamuzi ule ni wa mauaji peke yake na hauingii kwa wizi wa mabavu. Hakuwahi kupaza sauti. Alikuwa anakurudishia karatasi anakwambia, mhariri (sote alituita mhariri, hata mtu aliyejiunga jana), kuna mtu yuko gereza la Kamiti anaisoma hii makala akitafuta njia ya kutoka, na wewe umemwonyesha mlango ambao haupo.

Basi huyo ndiye mtu tuliyempoteza.

Habari ilikuja kwa grupu usiku na kwa muda mrefu hakuna aliyeamini, kila mtu anaandika "jameni thibitisheni", na kabla ya asubuhi mtu fulani alikuwa ameshaweka picha ya Prof na mshumaa kwa ukurasa wa jarida. Binti yake alikuwa safarini bado hajaambiwa. Aliona hapo. Sitaeleza zaidi ya hapo, ila kama wewe ndiye una nywila za akaunti za jarida, fanya sheria leo mkiwa mmetulia kwamba hakuna kinachowekwa mpaka mtu wa familia aseme sawa, tena mtu mmoja mwenye mnamjua, si "nimesikia kwa cousin". Ukingoja msiba ndio upange hizo sheria utapanga ukiwa unalia.

Kwa mikutano ya maandalizi, ile ya jioni kwa ukumbi wa kanisa, wahariri tulipewa ukurasa mmoja kwa programu ya mazishi. Tuliandika watu wengi kwa dokumenti moja, kila mtu na uchungu wake, na ikatoka vile hizi vitu hutoka: mbuyu umeanguka, nguli wa sheria, kisima cha hekima, taa imezimika. Ilisomwa, watu wakalia, tukasafiri kumzika kwao, tukarudi Nairobi.

Baadaye tukaenda kumsalimia Mama, mjane wa Prof, nyumbani na kumweleza wazo la kutoa toleo zima la kumbukumbu. Akatupikia chai, akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Vijana wangu, ile page yenu ya mazishi ilikuwa nzuri sana. Lakini hata kama ningeolewa na mtu mwingine ingemfaa."

Tulicheka juu yeye mwenyewe alikuwa anacheka, ila kwa matatu ya kurudi taoni hakuna aliyeongea mpaka Ngara. Na ilikuwa kweli, kwa ukurasa mzima hakukuwa na sentensi hata moja ambayo isingeandikwa kuhusu profesa mwingine yeyote. Angekuwa hai angeijaza kijani.

Hapo ndio nataka mnisikilize vizuri, wale mnaoanza. Mkitoa tangazo "tuma kumbukumbu zako kuhusu marehemu" mtapata barua nyingi na zote ni moja. Si kwamba watu hawana upendo, ni kwamba mtu akikaa kuandika kuhusu marehemu mkono unaenda wenyewe kwa yale maneno ya mazishi. Zetu za kwanza zilikuja hivyo, mnyenyekevu, baba kwa wote, mpenda haki, na wengi walioandika walikuwa mawakili wakubwa kwa hivyo hata kuwarudishia ilikuwa shida. Tukaacha kuomba kumbukumbu. Tukaanza kuomba vitu. Una drafti yoyote yenye kijani chake? Alikuuliza swali gani ukashindwa kulijibu? Alikukatalia nini? Ukaona baada ya hapo watu wanaandika tofauti kabisa, kwa sababu mtu akishikilia karatasi mkononi anakumbuka na chumba, na mvua, na vile njaa ilikuwa inamuuma.

Wakili mmoja mwenye ofisi hapo Ngara alileta makala yake ya miaka ya nyuma sana, karatasi imekuwa ya manjano, na kwa ukurasa wa mwisho Prof ameandika kwamba hoja ya upande wa pili ameieleza kwa mistari miwili na ya kwake kwa kurasa tisa, sasa anaogopa nini? Hakimu mmoja aliyehamishiwa mbali na Nairobi alitutumia picha ya kitini cha Prof ambacho anasema anakisoma kabla ya kuandika hukumu ndefu. Na kuna jamaa aliacha sheria kabisa, anauza spea za magari Kirinyaga Road, tulimpata kwa bahati tu kwa sababu kuna mhariri gari la babake liliharibika. Kumbe Prof alikuwa akipita dukani kwake, na huyu jamaa alikuwa anaandika malalamiko kwa kaunti kuhusu leseni za biashara, na Prof anamsomea hizo barua kwa kalamu ile ile. Sisi wahariri tulikuwa tunafikiri kijani ni chetu peke yetu.

Halafu ikaja ile barua ngumu. Mwanamke aliyewahi kuwa kwa jarida, sasa ni wakili, akaandika kwamba Prof alimuumiza. Alikuja chuo kutoka shule ambayo Kiingereza kilikuwa cha kubahatisha, na drafti yake ya kwanza ilirudi imejaa maswali kiasi kwamba hakuona sentensi yake hata moja, na kwa mkutano Prof akasoma aya yake kwa sauti kama mfano. Hakumtaja jina lakini kila mtu alijua. Aliacha jarida. Mwaka wa mwisho Prof alimtafuta akamwomba radhi, naye akaipokea, na bado anaandika kwamba hakurudi na hajutii kutorudi.

Tulibishana wiki nzima, na kwa grupu mambo yakawa mabaya, watu wakaanza kuulizana nani anampenda Prof zaidi. Upande mmoja ulisema marehemu hajibu, huwezi kumshtaki mtu aliye kaburini, na ni hoja yenye uzito kwetu, utamaduni wetu uko hivyo. Upande wa pili, niliokuwa nao, ulisema toleo ambalo halina hiyo barua ni ile page ya mazishi tena, imeongezwa kurasa tu. Mwisho tukampelekea Mama, si kwa ajili ya kumtupia uamuzi bali kwa sababu haingekuwa haki aikute imechapishwa. Aliisoma polepole, akavua miwani, akasema anaijua hiyo stori, mzee alikuja nyumbani siku hiyo hakula. Ichapisheni. Tukaichapisha bila kukata neno, na tukaomba idhini ya maandishi ya mwandishi kwa kila mstari. Mpaka leo kuna wazee wawili watatu wa chuo hawajatusamehe, na mimi nafikiri ndiyo kurasa bora kwa toleo lote.

Sasa upande wa sheria, ambao kwa aibu ndio uliotuchelewesha zaidi, na sisi ni wanafunzi wa sheria. Kwa laptopu ya Prof kulikuwa na makala ambayo hajaimaliza, kuhusu Kifungu cha 159 cha Katiba ya 2010, kile kinachosema haki itolewe bila kuzama sana kwa ufundi wa taratibu, na hoja yake ilikuwa kwamba mawakili wamekigeuza kichaka cha kujifichia uvivu. Makala tamu. Kila mtu alitaka ifungue toleo, na mtu mmoja alikuwa nayo kwa flashi tayari.

Lakini kazi ya mtu ni mali yake. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya 2001 maandishi yanalindwa maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki, na akifariki hiyo hakimiliki inaingia kwa mirathi kama shamba au gari. Na Sheria ya Urithi, Cap 160, kifungu cha 45, inakataza mtu yeyote asiye na mamlaka kuingilia mali ya marehemu. Kwa hivyo hata ruhusa ya Mama ya mdomo haikutosha, na hata yeye hakutaka kutoa peke yake kabla watoto hawajakaa. Ilibidi tungoje familia ipate grant, ile hati ya kusimamia mirathi, kutoka mahakamani, tangazo kwa Gazeti la Serikali na zile taratibu zote, halafu msimamizi wa mirathi atuandikie barua. Kumbuka pia kupata grant siyo mwisho, kwa kawaida uthibitisho wake unaombwa baada ya miezi sita, na familia ikiwa kwa hiyo safari haina haja ya wahariri wakipiga simu kila Jumatatu. Ombeni mapema, kwa maandishi, mseme ni makala gani, kurasa ngapi, mtachapisha wapi, na kwamba hamtaimalizia. Hilo la mwisho ni muhimu. Kuna mtu alijitolea kwa roho safi kuandika hitimisho "kwa sauti ya Prof", tukamwambia asante lakini hapana. Tuliiacha imekatika pale alipoikatia, katikati ya sentensi, na tukaeleza hivyo kwa futinoti.

Emaili nazo ni kesi nyingine. Alikuwa ameandikiana na wahariri maelfu ya emaili na ndani yake kuna alama za watu, magonjwa, mtu alifukuzwa nyumba, mtu alipoteza mimba. Hao watu wako hai na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahusu, na hata isingekuwepo hiyo sheria ni adabu tu. Tulichapisha zile ambazo aliyeandikiwa alituletea mwenyewe na kusaini, basi. Hatukuchimba.

Na kuchimba kwenyewe kulikuwa na kizingiti, maana akaunti ya emaili ya jarida ilikuwa imefungwa kwa namba ya simu ya Prof. Miaka yote hakuna aliyefikiria. Mhariri mkuu akijaribu kuingia kwa kompyuta mpya zile tarakimu za kuthibitisha zinaenda kwa simu ya marehemu, ambayo Mama alikuwa ameiweka hewani kwa sababu bado kulikuwa na watu wanapiga bila kujua. Ikabidi tumpigie. Akatafuta miwani, akatusomea zile tarakimu moja moja, akauliza, "Imefungua?" Kabadilisheni hizo namba za kuthibitisha na za kurudishia akaunti leo jioni, na muwe na watu wawili, mmoja asiwe wa mwaka wa mwisho.

Pesa. Tulifungua mchango, watu wakaahidi vizuri sana kwa grupu, na unajua ahadi za grupu. Nikiwa mkweli iliyoingia haikufika nusu ya iliyoandikwa, na ile shilingi 60,000 na kitu iliyopungua ilitoka kwa mifuko yetu watu wachache, mimi nikiwemo, na nilikaa na deni la chama hadi mwaka uliofuata. Fungueni akaunti ama till ya jarida, msitumie namba ya mtu binafsi hata kama ni mwaminifu kama malaika, juu siku moja M-Pesa yake itachanganyika na pesa ya kodi na hamtajua mnaongea nini. Na msimwambie mchapishaji tarehe ya uzinduzi kabla hamjalipa deposit.

Mchapishaji wetu alikuwa maeneo ya River Road, bei nzuri, kazi nzuri pia, shida ilikuwa makubaliano. Tulikubaliana nyeusi na nyeupe kwa ajili ya bei, na hakuna aliyewaza mpaka tulipoona prufu, ile nakala ya kukagua kabla ya kuchapa: kijani chote kimekuwa kijivu. Kurasa na kurasa za maandishi ya Prof na huwezi kutofautisha kalamu yake na ya mwanafunzi. Tukatengeneza kijitabu cha rangi cha kurasa 16 katikati, na chagueni 16 makusudi, kwa sababu karatasi kubwa hukunjwa kwa mafungu kama hayo na ukisema 18 utalipia fungu lingine lenye kurasa tupu. Picha nazo, watu wanatuma kwa WhatsApp na WhatsApp inazibana, kwa simu inaonekana safi na ikichapishwa ni ukungu. Mwambie mtu aitume kama dokumenti au mfuate na skana, karatasi za zamani skani kwa dpi 300 kwenda juu, na kwa rangi, hata kama unadhani ni nyeusi.

Prufu isomwe kwa karatasi na watu ambao hawakuhariri. Sisi tulimpa yule jamaa wa spea nakala moja, akarudi na kosa ambalo wahariri wote tulipita, tarehe mbili tofauti za kitu kimoja, kurasa mbalimbali.

Uzinduzi ulikuwa mdogo, ukumbi wa chuo, chapati na maharagwe, tuliuepusha na wiki ya mitihani ndio watu waje. Familia ikapewa nakala za kwanza, maktaba za vyuo zikafuata, na hakimu wetu wa mbali alitumiwa yake kwa basi. Zilizobaki tunauza polepole na bado sijarudishiwa yangu yote.

Mlioniuliza, ile barua ya kuomba ruhusa kwa msimamizi wa mirathi na fomu ya idhini ya wachangiaji nitawatumia kama dokumenti, jazeni yenu. Bajeti pia nitaweka, isipokuwa ile safu ya "nitatuma mwisho wa mwezi", hiyo nimefuta majina.